Nondo na papa wawafunza wahandisi kusaka chanzo cha gesi

GESI inapovuja katika ghala kubwa, kifaa cha kutambua hatari hupiga king'ora mara moja. Lakini inavuja wapi hasa? Hapo kifaa hunyamaza, na wazima moto hulazimika kuingia wakipapasa, huku kila dakika inayopita ikizidisha hatari ya mlipuko.

Huenda msomaji akadhani jawabu ni rahisi: fuata upande ambako harufu inazidi kuwa kali. Njia hiyo hufaulu pale hewa imetulia, au karibu sana na chanzo chenyewe. Penye upepo mambo ni mengine. Chembe za harufu hukatikakatika zikawa vipande, mithili ya moshi wa jiko, na baina ya kipande na kipande hamna kitu. Anayetafuta hunusa, akakosa, kisha akanusa tena.

Nondo dume alilitatua fumbo hili kitambo. Akipata harufu ya jike huruka akiukabili upepo. Harufu ikikatika, huyumba kushoto na kulia hadi aipate tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliuiga mwenendo huo katika droni waliyoitangaza mwaka wa 2020. La ajabu ni kwamba pua yenyewe hawakuiunda, waliiazima. Walimtia nondo wa aina ya Manduca sexta ndani ya jokofu apate ganzi, wakakata kipapasio chake na kukiunganisha na droni kwa nyaya nyembamba. Kipapasio hicho huendelea kunusa kwa muda wa hadi saa nne. Mapezi ya plastiki yaliyowekwa nyuma huigeuza droni ielekee upepo unakotoka.

Mbona wasitumie vitambuzi vya kiwandani? Vingi ni vizito wa kuhisi. Vikishanusa gesi huchukua muda kurejea hali ya kawaida, hivyo vipande viwili vya harufu huhesabiwa kuwa kimoja.

Papa naye ana somo lake. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010 ulionyesha kuwa papa wadogo hugeukia upande wa tundu la pua lililofikiwa na harufu kwanza, hata kama inayofika upande wa pili ni kali zaidi. Tofauti ya nusu sekunde, au hata chini ya hapo, yatosha. Kwa mhandisi, maana yake ni kwamba umbali baina ya vitambuzi ni jambo la kupimwa kwa makini. Vikikaribiana mno, harufu huvifikia kwa wakati mmoja. Vikiachana mno, kimoja hukikosa kipande kabisa. Isitoshe, mapanga ya droni huivuruga hewa ile ile inayonuswa.

Chini ya vifusi vya jengo lililoporomoka, ambako upepo hauna mwelekeo mmoja, kanuni ya nondo haifui dafu. Huko bado hutumwa mbwa, na mjini Morogoro, Tanzania, shirika la Apopo limekuwa likiwafunza panya kazi hiyo hiyo.