Mgeni wa Thome

Useme tu mjini Nairobi kwamba kwenu ni Kitui au Makueni, hutakosa mtu wa kukuuliza, huku akicheka, kama chakula chenu kinalika salama. Kamuti, uganga, sumu: ndizo sifa tulizobandikwa sisi Wakamba. Mzaha huu umenichosha, maana wanaotaniwa hivyo ni watu ambao walimlisha hata wasiyemjua.

Kwetu, milimani Mbooni, mgeni alifikia thome, pale nje ya lango ambapo wazee waliota moto. Aliwekewa kigoda cha miguu mitatu, akapewa maji, kisha uji wa mawele, na muthokoi ukiiva. Susu, yaani nyanya yangu, alionja uji kwanza mgeni akimtazama, akapangusa mdomo wa kibuyu kwa kiganja, ndipo akamkabidhi. Jina, ukoo na shida iliyomleta vilingoja ashibe. Ukimuuliza mwenye njaa ni wa ukoo gani, atakutajia ule anaodhani utampatia chakula.

Wagiriki wa kale walilijua hili. Katika utenzi wa Homer, mfalme Alcinous anamlisha Odysseus na kumwandalia michezo kabla ya kutaka kujua yeye ni nani. Anayeanza na maswali ni Polyphemus, zimwi la jicho moja, na baada ya maswali anawatafuna wageni. Susu hakumsoma Homer, lakini zimwi hilo angelitambua mlangoni.

Mila zetu nyingine, kama ntheo ya ndoa, ngoma ya kilumi na tohara, zimeandikwa na wengine. Mimi niacheni hapa thome.

Wanaotusifu nao hukosea wakidhani ulikuwa wema wa moyo tu. Ilikuwa sheria ya nchi kavu. Wakati wa Ngomanisye, njaa kuu ya mwishoni mwa miaka ya 1890, hata waliokuwa na mifugo walijikuta wakibisha malango ya watu. Na sheria hiyo ilimfunga mgeni pia. Mmisionari Mjerumani Krapf alikaribishwa Kitui na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa pembe za ndovu, na ni huko, Desemba 1849, alikouona Mlima Kenya. Aliporudi mwaka 1851 wakasafiri pamoja kuelekea mto Tana. Wakavamiwa njiani, Kivoi akauawa, Krapf akaponea msituni, akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki. Alipowafikia jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo hicho, naye akahofia maisha yake, akatoroka usiku. Vitabu humhurumia Krapf. Mimi naielewa pia hasira ya wafiwa: mwenyeji amekufa safarini, mgeni wake amerudi mzima.

Siku hizi malango yana kufuli, na anayefika bila kupiga simu huonekana hana adabu. Hilo naweza kulivumilia. Linaloniuma ni sisi wa Nairobi tunaoshuka Desemba na magari, tukachinjiwa mbuzi, tukakomba mahindi ya ghalani, tukarudi mjini bila hata kuuliza kama mvua ya vuli ilinyesha. Zamani mgeni aliyekaa siku ya tatu alipewa jembe. Wale wachumba waliojazana nyumbani kwa Penelope, mke wa Odysseus, walikula mali ya mumewe miaka mitatu bila kugusa kazi yoyote, na Homer hakuwaita wageni wema.