Boksi la Chini Kabisa

Saa mbili asubuhi, mlango wa kupokelea mizigo wa ghala la maduka makubwa jijini Dar es Salaam. Fuso imerudi kinyumenyume, turubai limefunuliwa, na mama aliyeleta asali yake kutoka Tabora amesimama pembeni, hati za mzigo mkononi. Maboksi ya juu ni mazuri kwelikweli: yamenyooka, lebo zinang'aa. Makuli wakashusha tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Walipofika chini, kijana wa mapokezi akainama, akabonyeza kona ya boksi kwa kidole, na kidole kikazama.

"Mama, samahani. Haya ya chini yamelowa."

Mvua haikunyesha njia nzima. Iliyoyalowesha ni asali yenyewe. Chupa mbili tatu zilipasuka mahali fulani barabarani, asali ikajipenyeza taratibu kutoka boksi hadi boksi, ikagandisha lebo, na sisimizi walikwisha kuipata kabla ya mpokeaji. Chupa zilizovunjika hazikufika kumi. Maboksi yaliyokataliwa yalikuwa mengi, kwa sababu ghala halina kazi ya kuosha chupa na kubandika lebo upya. Boksi likiwa na chupa moja iliyovuja, zile kumi na moja zilizo nzima nazo hurudi nyumbani.

Nimefanya kazi ya vifungashio miaka mingi, na picha ya mama yule haijanitoka, kwa sababu alikuwa amefunga kwa uangalifu wote. Kosa lake ni moja, nalo ndilo ninaloliona kwa wazalishaji wadogo karibu wote: alifunga boksi kwa kulitazama likiwa mezani peke yake. Boksi halisafiri peke yake. Anayefunga afunge akilifikiria lile litakalokaa chini kabisa.

Tupige hesabu. Chupa ya asali ya gramu 500, pamoja na kioo chake, inakaribia gramu 700. Chupa 12 pamoja na boksi lenyewe zinafikisha kilo 9 hivi. Ukipanga matabaka 8 kwenye gari, boksi la chini limebeba mengine 7 kichwani, yaani kilo 63. Huo ni uzito wa mtu mzima, na umekaa juu yake usiku mzima. Hapo gari limesimama. Likiruka tuta, mzigo wote unanyanyuka kidogo kisha unashuka kwa kishindo, na kwa sekunde hiyo boksi linabeba zaidi ya kilo 63. Kati ya Tabora na Dar es Salaam matuta hayahesabiki. Ndiyo maana sisi wa fani hii hatuchagui boksi linalomudu kilo 63. Tunataka linalomudu mara tatu hadi tano ya hizo.

Kwa nini nyingi hivyo? Kwa sababu kadibodi huchoka. Boksi linaloweza kubeba kilo 200 kwa dakika chache kwenye mashine ya kupimia, likiwekewa mzigo wa kudumu kwa mwezi mzima halitegemewi kubeba zaidi ya asilimia 60 ya uzito huo. Halafu kuna unyevu. Kadibodi ni karatasi, na karatasi hunywa unyevu wa hewa bila kuonekana imelowa. Katika hewa nzito ya pwani wakati wa masika, boksi lile lile lililokuwa gumu kama ubao mjini Tabora linaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Kwa hiyo usiweke maboksi matupu sakafuni kwenye saruji tupu, wala usiyaegemeze ukutani. Yainue juu ya mbao.

Pasua kipande cha boksi ukitazame kwa ubavu. Utaona karatasi mbili zilizonyooka, na katikati yake karatasi ya tatu iliyokunjwakunjwa mawimbi. Nguvu iko kwenye mawimbi hayo. Mwaka 1871 Mmarekani Albert Jones wa New York alipata hataza ya kutumia karatasi ya mawimbi kufungia chupa na vioo vya taa. Tangu mwanzo, basi, kadibodi hii ilitakiwa kulinda kioo. Mawimbi yakisimama wima ni kama nguzo nyingi ndogo zilizopangwa bega kwa bega. Yakilazwa, nguzo zimelala, na boksi linasinyaa. Boksi lililoundwa kusimama halilazwi ubavu hata kama gari limebakiwa na kanafasi kadogo pale mwishoni. Na ukikata vigawio vya kutenganisha chupa kutoka kwenye maboksi ya zamani, jambo ambalo ni zuri na halina gharama, hakikisha mawimbi yake nayo yanatazama juu.

Sasa kioo chenyewe. Watu wanakiogopa kioo kwa jumla, lakini chupa iliyosimama ina nguvu sana kwa kubanwa kutoka juu. Udhaifu wake uko ubavuni, chupa inapogongana na mwenzake. Kwa hiyo kigawio kati ya chupa na chupa ni lazima, nacho kifike angalau urefu wa chupa. Na juu ya vifuniko pasiwe na nafasi. Hapo ndipo mama wa Tabora alipokosea: boksi lake lilizidi chupa kwa vidole viwili, naye akajaza magazeti yaliyofinyangwa. Magazeti yakashindiliwa na safari, nafasi ikarudi, chupa zikaanza kurukaruka, na kuta za boksi zikabaki kubeba mzigo peke yake hadi zikakunjika. Chupa zikigusa paa la boksi, nazo husaidia kubeba. Kama unafunga vitu laini, mchele wa pakiti au nguo, msaada huo huna. Chukua boksi la kadibodi nene zaidi.

Kuhusu maboksi yaliyokwisha kutumika, ya mafuta ya kula au sabuni, najua kwa nini watu wanayapenda. Yanafaa kwa vitu vyepesi na safari fupi. Kwa kioo cha kwenda ghalani, siyapendekezi hata kidogo. Mikunjo yake imekwisha kuchoka, na mara nyingi yamebaki na msimbo pau wa bidhaa ya kwanza. Mashine ya ghala ikiusoma huo, asali yako inaingia kwenye kompyuta kama sabuni.

Upangaji ndio unaowashinda wengi, kwa sababu macho yanawadanganya. Ukuta wa matofali hujengwa kwa kupishanisha, na mtu anaona maboksi nayo yapishanishwe ili yashikane. Kumbe karibu theluthi mbili ya uzito hubebwa na kona nne za boksi. Kona ikikaa juu ya kona, uzito unashuka moja kwa moja hadi chini. Ukipishanisha, kona za juu zinakalia katikati ya ukuta wa boksi la chini, mahali palipo dhaifu kuliko pote, na karibu nusu ya nguvu inapotea. Panga kona kwa kona, kisha zungushia rundo lote nailoni ya kuvutika lisiyumbe, ukianzia kwenye paleti, lile jukwaa la mbao linalobeba rundo, ili mzigo na paleti viwe kitu kimoja. Boksi lisitokeze nje ya paleti hata kwa sentimita mbili, maana kona iliyo hewani haibebi kitu. Paleti za sentimita 120 kwa 100 zimeenea sana. Boksi la sentimita 30 kwa 25 hukaa juu yake 16 kwa tabaka, bila pengo wala kutokeza. Ukiagiza maboksi, anza na paleti ndipo uje kwenye boksi.

Lebo ya boksi ikae ubavuni, tena pande mbili zinazokutana, kwa sababu iliyo juu hufunikwa na boksi linalofuata. Ionyeshe bidhaa, idadi ya chupa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Na boksi moja libebe toleo moja tu, kwani ghala hutoa kwanza kile kinachokaribia kuisha muda. Selotepu isipite juu ya msimbo pau, inameremeta na kuipofusha mashine. Na msimbo usichapwe kwa wino mwekundu: mashine nyingi hutumia mwanga mwekundu, na kwao mistari ya rangi hiyo haipo.

Kabla ya kupakia, dondosha boksi moja. Nasema hili kwa dhati, na najua linauma. Lifunge kama litakavyosafiri, na chupa zake halisi, kisha liachie kwenye sakafu ngumu kutoka sentimita 76, karibu urefu wa meza. Kipimo cha kimataifa cha ISTA kwa boksi la uzito huu kinataka mara kumi: kona moja, kingo tatu, na pande zote sita. Ukimaliza, usilitikise kusikiliza. Lifungue, toa chupa moja moja, pitisha kidole kwenye kila kifuniko na kila kitako ukitafuta unyevunyevu wa asali, kisha tazama kona nne za boksi. Mama wa Tabora alifanya hivyo kabla ya mzigo wake wa pili. Akavunja chupa nne, akapunguza kimo cha boksi kwa vidole viwili, akaanza kudondosha upya.