Mche mmoja kwenye ndoo: Unachofaa kujua kabla ya kupanda mbegu ya bangi Ruiru au Thika

KUANZIA vyumba vya kupangisha vya Kihunguro na Kimbo kule Ruiru hadi Makongeni na Landless mjini Thika, kuna wazo linalozunguka miongoni mwa vijana. Kwa nini niendelee kununua ndom kwa mtu nisiyemjua, ilhali mbegu ziko humo humo ndani ya kete? Ndoo kuukuu ya rangi, udongo kidogo, maji, na jua la Thika lisilo na ubahili. Mche mmoja tu, wa kwangu mwenyewe. Nani atajua?

Tusidanganyane, wanaovuta si wachache. Utafiti wa NACADA uliotolewa kufuatia takwimu za 2022 ulihesabu Wakenya 518,807 wa kati ya miaka 15 na 65 waliokuwa wakitumia bangi wakati huo. Ni kama mtu 1 katika kila 53. Kwa hivyo makala haya hayajifanyi kushangaa. Yanataka kuzungumzia kitu ambacho kwenye gumzo za roshani hakitajwi kabisa: kuvuta bangi na kupanda bangi ni makosa mawili tofauti, na la pili ni zito zaidi kuliko wengi wanavyodhani.

Sheria inayohusika ni ile ya kudhibiti dawa za kulevya ya 1994, iliyofanyiwa marekebisho 2022. Kifungu cha 3 kinahusu kupatikana na bangi. Hapo mshukiwa ameachiwa upenyo. Akiiridhisha mahakama kwamba bangi aliyokuwa nayo ilikuwa ya matumizi yake mwenyewe pekee, adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi Sh100,000. Si mchezo, lakini angalau kuna mlango wa kusema, "Mheshimiwa, hii haikuwa ya kuuza."

Sasa geuza ukurasa hadi kifungu cha 6. Hiki kinahusu anayekuza mmea uliopigwa marufuku. Faini ni Sh250,000 au mara tatu ya thamani ya mmea huo sokoni, kutegemea kiasi kilicho kikubwa. Au kifungo kisichozidi miaka 20. Au vyote viwili kwa pamoja.

Tafuta humo maneno "matumizi yake mwenyewe" na hutayapata. Tafuta idadi ya miche na pia hutaipata. Mwenye shina moja kwenye ndoo na mwenye ekari nzima iliyofichwa katikati ya mahindi wanaanzia kwenye kifungu kimoja. Ni kweli kwamba miaka 20 ni dari wala si sakafu, na hakimu huangalia wingi wa mimea, kama ni kosa lako la kwanza, na kama umekiri. Lakini huruma hiyo iko mikononi mwa hakimu. Haiko kwenye kifungu chenyewe, na huwezi kuidai kama haki yako.

Hebu tuifanye hesabu iwe ya mtaani. Ikiwa keja yako ni ya Sh7,000 kwa mwezi, faini ya Sh250,000 ni kodi ya karibu miaka 3. Hiyo ni kabla ya kumlipa wakili.

Na kosa hili halimwangukii mwenye ndoo peke yake. Kifungu hicho hicho kinamtaja mwenye ardhi au jengo, anayelikalia, na hata anayehusika kulisimamia, iwapo ataruhusu mmea huo ukuzwe hapo. Ukitafsiri kwa lugha ya Ruiru, huyo ni landilodi, ni keateka, na ni yule rafiki yako mnayegawana kodi ambaye kila asubuhi anaruka ndoo yako akienda kuanika nguo.

Pia ni shosho. Vijana wengi wa mitaa hii wana mzizi mahali fulani karibu, iwe Gatundu, Ngoliba au upande wa Kilimambogo. Si vigumu kumwomba mzee kona ya shamba "ya kujaribu mboga fulani". Kumhukumu kwa kuruhusu, upande wa mashtaka utalazimika kuonyesha alijua. Lakini hilo huthibitishwa mbele ya hakimu, na kabla ya kufika huko mama wa miaka 70 atakuwa ameshaketi kituoni akijieleza kwa sababu ya mjukuu wake. Binafsi naona hiyo ndiyo sehemu mbaya zaidi ya wazo hili zima, kwa sababu hatari hubebwa na mtu ambaye hakuulizwa.

Kuna wale wanaojibu kwamba watapanda hempu, ile bangi ya nyuzi na mafuta isiyolewesha, kwa mbegu zilizoagizwa mtandaoni. Kwa sheria ya Kenya hilo halikuondoi matatani. Inachozuia ni mmea wowote wa jenasi ya Cannabis, uitwe jina gani. Ndoo haijui mbegu ilitoka Uholanzi au ilitoka Kiandutu.

Kwa nini basi wengi wanadhani mambo yamelegea? Nadhani ni kwa sababu kwa miaka kadhaa tumekuwa tukisikia kuwa bangi iko karibu kuhalalishwa. Septemba 2018 aliyekuwa mbunge wa Kibra, marehemu Ken Okoth, alitangaza kuwa anataka kupeleka bungeni mswada wa kuihalalisha na kuidhibiti. Alifariki Julai 2019 na mswada huo haukuwa sheria. Mwaka huo huo wa 2019 Mahakama Kuu ilitambua Urastafari kuwa dini, katika kesi ya msichana aliyezuiwa shuleni kwa sababu ya rasta zake. Wengi waliisikia habari hiyo wakadhani ilihusu bangi. Ilihusu nywele. Kisha 2021 Marasta wakaenda kortini wakitaka waumini waruhusiwe kuitumia katika ibada, na mahakama ikakataa kusimamisha sheria kwa muda huku kesi ikisubiri.

Halafu akaja Profesa George Wajackoyah. Katika kampeni za 2022 aliahidi kulipa deni la taifa kwa bangi na sumu ya nyoka, na kwa wiki kadhaa hakuna matatu ya Thika Road ambayo haikuwa na mtu wa kulijadili jambo hilo. Alimaliza wa tatu, kwa chini ya asilimia 1 ya kura. Watu walicheka na kushangilia, kisha wakapigia wengine kura. Sheria ilibaki pale pale.

Wanaotazama nje ya mipaka nao wana hoja, ila huwa wanaikata nusu. Lesotho ilianza kutoa leseni 2017. Malawi ilibadilisha sheria 2020. Rwanda ilifungua mlango 2021. Lakini katika nchi hizo kinachoruhusiwa ni kilimo cha leseni kwa ajili ya dawa au viwanda, chenye ua, walinzi na ukaguzi. Kuvuta kwa starehe kumebaki kosa. Afrika Kusini ndiyo iliyokwenda mbali, pale Mahakama ya Katiba ilipoamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima anaweza kuikuza na kuitumia faraghani, na sheria rasmi ikafuata 2024. Hukumu ya Johannesburg haimfungi hakimu wa Thika.

Turudi kwa swali la mwanzo: nani atajua?

Mvutaji hubeba hatari yake kwa dakika chache, hadi msokoto uishe. Mkulima huibeba kwa miezi. Kuanzia mbegu hadi maua, mche uko pale pale, mchana na usiku, ukirefuka. Na harufu ya mmea uliokomaa haina adabu. Inapita chini ya mlango, inapanda ngazi, inamsalimia jirani kabla yako.

Ruiru si mahali pa kuficha kitu. Sensa ya 2019 ilipata watu 490,120 katika mji huo, mji wa nne kwa wingi wa watu nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Pale palipokuwa na mibuni sasa kuna maghorofa yanayotazamana, kamba za nguo za pamoja, na keateka anayepanda paa kila wiki kuangalia tangi la maji. Nenda Thika, kwenye ploti zilizozungushiwa mabati zikingoja kujengwa, na utakuta mambo ni yale yale. Mwenye ploti yuko mbali, lakini kuna mtu anayelima mahindi pale, mwingine anayekata majani ya ng'ombe, na watoto wanaofuata mpira.

Polisi wa eneo hili nao si wageni kwa mmea huu. Barabara ya Thika ndiyo mwisho wa njia ndefu inayotoka Moyale kupitia Marsabit na Isiolo, njia ambayo bangi ya kutoka Shashamane, Ethiopia, imekuwa ikinaswa mara kwa mara ikielekea Nairobi. Sanse wa hapa haitaji darasa la botania.

Wale wa video za mtandaoni pia wafikirie kidogo. Video nyingi zinapigwa California au Canada, kwenye majimbo na nchi ambako mwenye shamba ana kibali ukutani. Anayezungumza pale hana cha kupoteza. Wewe unayemwiga uko Gatong'ora.

Ukikamatwa, jambo la kwanza ni kujua haki zako, kwa sababu hofu ndiyo inayowafanya wengi watoe hongo au watie saini wasichokisoma. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema lazima uelezwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, kwa nini umekamatwa. Unaweza kunyamaza. Unaweza kuzungumza na wakili. Unafaa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na ikiwa muda huo utaishia nje ya saa za kazi, basi siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana Ijumaa ya kamata kamata huumiza. Unaweza kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya wastani, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Na mmea wenyewe hautambuliwi kwa macho ya askari pekee. Sampuli hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali, na ripoti yake ndiyo ushahidi.

Hata hivyo, pigo kubwa zaidi mara nyingi halitoki kwa hakimu. Linatoka kwenye alama za vidole. Waajiri wengi, mawakala wa kazi za Qatar na Saudia, na balozi nyingi huitisha cheti cha tabia njema kutoka kwa DCI. Mwanafunzi wa Juja aliyehukumiwa kwa kukuza bangi, hata kama alilipa faini na kurudi darasani Jumatatu, ataomba cheti hicho siku moja. Kwa kijana wa miaka 22 ambaye mpango wake wote ni kwenda ng'ambo, ndoo ile itakuwa imemgharimu kitu ambacho hakikutajwa kwenye hukumu.

Sijagusa sana afya, kwa kuwa mada ilikuwa ndoo. Itoshe kusema kwamba bangi huwaumiza zaidi wanaoianza wakiwa wadogo, na wenye historia ya maradhi ya akili katika familia wana sababu ya ziada ya kukaa mbali. Kama mche unaokusudia kuupanda ni kwa sababu huwezi tena kupita siku bila kuvuta, nambari ya NACADA ya 1192 haitozwi pesa, na anayepokea simu si askari.

Limebaki swali moja ambalo huulizwa kwa minong'ono. Je, nikihamia keja mpya nikute aliyetangulia ameacha mche kwenye roshani? Au mbegu zilizotupwa zimejiotea nyuma ya choo cha ploti? Usiumwagilie ukisubiri kuona utakuwaje, kwani kuanzia hapo wewe ndiwe mkulima. Usiung'oe pia ukaubeba kwenye mfuko hadi jaa la taka, maana ukisimamishwa njiani hutakuwa na mtu wa kukuamini. Mwite keateka siku hiyo hiyo, mbele ya jirani, auone ulipo, na mpeleke habari pamoja kwa mzee wa nyumba kumi au kwa chifu. Andika tarehe uliyoingia kwenye nyumba hiyo, na uihifadhi risiti ya kodi ya mwezi wa kwanza.