BARUA KWA NJIA YA MUTT: NAMNA YA KUIPANGA, NA PA KUTAFUTA INAPOKWAMA



Tangu ile kompyuta nyeusi iwekwe katika chumba cha nyuma ya maktaba, sisi makapita tunaulizwa swali moja kila Jumamosi: "Barua yangu imeenda?" Wengine wanauliza kwa ubishi. Kwa nini programu hii haina picha wala rangi, ni maandishi matupu kama mashini ya kuandikia? Kijana mmoja wa mwaka wa tatu alisema ni programu ya wazee. Tunapenda kujibu yote mawili, kwani finalisti wameanza kuandikia vyuo, ULPGL, UNIGOM na vingine vya mbali zaidi, na siku ya mwisho ya kuomba nafasi ama buruse haingojei mtu.

Programu yenyewe inaitwa Mutt. Madarasa ya chini wamekwisha kuibatiza "Mutu". Kwa Kiingereza neno hilo ni mbwa wa mchanganyiko, asiyejulikana kabila lake. Michael Elkins aliianzisha Marekani mwaka 1995. Kabla yake kulikuwa na Pine, iliyoanzwa mwaka 1989 katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Wakati huo watu wengi walifikia barua zao kwa waya wa simu, na kila herufi ilipita polepole. Hata kwa jirani zetu ilikuwa vile: mwanzoni mwa miaka ya 1990 barua za Nairobi na Kampala zilisafiri kwa Fidonet, yaani kompyuta moja inapigia nyingine simu, zinapeana mzigo wa barua, kisha zinakata. Nani angetia picha katika mzigo ule?

Wale ambao wazazi wao waliishi kwenye stesheni za misioni wataelewa upesi tukisema habari za foni. Mtu kwenye foni alitaja stesheni yake, akatoa ujumbe, akanyamaza, maana wengine walingojea. Mutt iko vile. Ukifungua barua kwa ukurasa wa intaneti, mega zako zinaliwa kwanza na ukurasa, kabla hujaona hata jina la aliyekuandikia. Mutt inaomba vichwa tu: nani, siku gani, jambo gani. Lakini angalia hapa, kuna wanaodanganyika. Ukifungua barua moja, Mutt inaleta barua nzima pamoja na picha zilizofungwa ndani yake. Njo maana karibu na jina la mwandishi kuna namba katika mabano. Ukiona M baada ya namba, hizo ni mega. Fikiri kwanza kama rezo ya siku hiyo itaweza.

Tena kuna sababu ya pili, na kwetu hapa ni kubwa kuliko ya kwanza. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa vita hapa mjini, umeme, maji na intaneti vilikatika siku kadhaa. Hata siku za amani umeme unakatika bila kuaga. Katika mji wa namna hii tunahitaji programu inayokubali mtu aandike leo na kutuma kesho kutwa. Simu inaweza pia, hatukatai, lakini simu haziruhusiwi bwenini na Bwana Prefe hatabadili sheria hiyo kwa ajili yetu.

Sasa kuipanga. Kila mmoja ana jina lake la kuingilia kwenye mashini, na ndani ya nyumba yake kuna fishie inayoitwa .muttrc, yenye nukta mbele. Nukta hiyo inaificha, basi usiseme haiko. Kwanza tengeneza folda za kuwekea vitu:

mkdir -p ~/barua/tmp ~/barua/vichwa ~/barua/miili

Kisha andika katika .muttrc mistari hii, ukitia anwani yako mahali pa JINA:

set realname = "Jina lako kamili"
set from = "JINA@gmail.com"
set imap_user = "JINA@gmail.com"
set folder = "imaps://imap.gmail.com/"
set spoolfile = "+INBOX"
set smtp_url = "smtps://JINA@smtp.gmail.com:465/"
set ssl_force_tls = yes
set postponed = "~/barua/rasimu"
set tmpdir = "~/barua/tmp"
set header_cache = "~/barua/vichwa"
set message_cachedir = "~/barua/miili"
unset record

Mistari ya imap ni mlango wa kupokea, ule wa smtp ni mlango wa kutuma. Ni milango miwili mbalimbali, na mmoja unaweza kukataa wakati mwingine unakubali. Usishangae basi ukisoma barua zako vizuri kisha ukashindwa kutuma. Mistari ya vichwa na miili inatunza kwenye mashini vile ulivyokwisha kuleta, usilipe mega mara mbili kwa kitu kimoja. Wa mwisho unazuia Mutt isiweke nakala nyingine ya kila barua uliyotuma, maana Gmail inajiwekea yenyewe.

Mtaona hatukuandika neno la siri. Ni kusudi. Mashini ni ya wote, na Mutt ikikosa neno hilo katika fishie itakuuliza kila mara. Ni usumbufu kidogo, lakini ni afadhali. Anayeshikilia kuliandika, angalau afunge fishie kwa amri chmod 600 ~/.muttrc, wengine wasiweze kuisoma.

Juu ya neno hilo la siri, hapa ndipo wengi wanakwama. Tangu mwisho wa Mei 2022, Google haikubali neno la kawaida kwa programu za namna hii kwenye anwani za watu binafsi. Unaandika neno ambalo unalijua kama jina la mama yako, inasema si lenyewe. Unarudia mara tano, na unakasirika bure. Inataka neno la siri la programu, herufi 16 ambazo Google yenyewe inakutolea, nayo haitoi mpaka uwe umefungua ulinzi wa hatua mbili, ambao kwa kawaida unahitaji simu. Fanyeni kazi hiyo nyumbani, kwa simu ya mzazi au ya kaka mkubwa, kabla ya kurudi bwenini. Herufi zinaonyeshwa kwa mafungu manne. Ziandikeni pamoja bila nafasi katikati. Na ukibadili neno lako kubwa la Google, lile la programu linakufa hapohapo, lazima uombe jingine. Hili limewapata watu wawili muhula huu, na wote wawili walisema Mutt imeharibika.

Kuandika si kazi. Bonyeza m, weka anwani, kichwa, andika barua, hifadhi, toka. Utaona ukurasa wa mwisho wa kukagua: herufi a inafunga fishie, y inatuma. Kama rezo haiko, bonyeza q, nayo itakuuliza kama uiweke barua kando. Kubali. Imeingia katika rasimu, na haihitaji intaneti hata kidogo. Siku rezo inaporudi, bonyeza R, barua inaamka. Ukijaribu kutuma na rezo ikafa katikati, Mutt inakurudisha kwenye ukurasa uleule wa kukagua. Hapo barua haijapotea! Usizime mashini kwa hasira, bonyeza q.

Umeme ukikatika ungali unaandika je? Kwa sababu hiyo tuliweka mstari wa tmpdir. Bila mstari huo barua inayoandikwa inakaa katika folda ya muda ya mashini, ambayo mara nyingi inafagiliwa mashini inapowaka tena. Sasa itabaki ndani ya ~/barua/tmp, lakini ni yale tu uliyokwisha kuhifadhi. Katika nano ni Ctrl na O. Hifadhi kila baada ya aya moja.

Tufike kwenye kukwama. Desturi yetu ni kuanza na kilicho karibu, kabla ya kulaumu Marekani.

Kitu cha karibu ambacho hakuna anayekifikiria ni saa. Kompyuta yetu ni ya zamani, na ndani yake mna betri ndogo ya mviringo kama kifungo cha koti, imeandikwa CR2032. Betri hiyo inatunza saa wakati umeme haupo. Ikichoka, kila umeme unapokatika mashini inasahau siku, inaamka ikifikiri tuko katika mwaka wa zamani sana. Hiyo inahusu barua namna gani? Inahusu sana. Mlango wa Gmail unajitambulisha kwa cheti, na cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha, kama kitambulisho chochote. Mashini inayodhani tuko mwaka 2009 inaangalia cheti cha mwaka huu, inaona muda wake haujaanza, inakataa. Nayo haina kosa, imedanganywa na saa. Mutt itakuuliza kama ukatae cheti au ukubali mara hii tu. Msikubali, ndugu! Siku moja kitakuja cheti cha uongo kweli, na mwenye mazoea ya kukubali atampa mwizi neno lake la siri kwa mkono wake mwenyewe. Andika kwanza amri date. Mwaka ukiwa si huu, umekwisha kupata ugonjwa. Mwite mwalimu anayesimamia chumba, yeye ana ruhusa ya kusahihisha. Mashini inaweza kujisahihisha kwa intaneti, lakini rezo ikichelewa unaikuta bado iko katika mwaka wake wa kale.

Kuna kosa la saa ambalo ni dogo zaidi: barua zote zinaonyesha saa moja nyuma. Aliyepanga mashini alichagua saa za Kinshasa. Sisi wa mashariki tunafuata za Lubumbashi, saa mbili mbele ya Greenwich, na Kinshasa ni moja. Barua itafika vilevile, lakini usije ukafikiri uko na saa moja zaidi kabla ya mlango wa chuo kufungwa.

Saa ikiwa sawa, tazama rezo. Andika ping -c 3 imap.gmail.com. Ikijibu, njia iko wazi. Ikisema hailijui jina hilo, mara nyingi mega zimekwisha, hata kama taa ya modemu inawaka vizuri. Taa inaonyesha kwamba mnara unakuona, haionyeshi kwamba umelipa. Rezo ikijibu na mlango bado unakataa, rudi kwenye mambo ya herufi 16.

Mizigo nayo. Gmail haipitishi barua inayozidi mega 25, lakini sisi tunashindwa mbali kabla ya hapo. Fishie iliyofungwa katika barua inavimba kwa karibu theluthi moja, kwa sababu inageuzwa kuwa herufi ili ipite. Picha ya buletini ya mega 6 inakuwa 8. Piga picha ndogo, au omba ofisi ikugeuzie kuwa PDF nyepesi.

Kama herufi za Kifaransa zinaharibika, é inatoka kama viwili visivyosomeka, mara nyingi ni mashini haijaambiwa itumie UTF-8. Na barua ikija imejaa alama < na >, ujue iliandikwa kama ukurasa wa intaneti. Bonyeza v, uchague sehemu ya maandishi.

Limebaki moja, na ndilo limetufanya tuandike. Mutt ikisema barua imetumwa, maana yake ni kwamba mlango wa kwanza umeipokea. Kufika ni jambo jingine. Ikishindwa mbele, inarudi barua kutoka kwa MAILER-DAEMON. Finalisti mmoja wa mwaka uliopita aliona jina hilo, akasema, "Mimi sisomi barua za pepo," akaifuta. Tulicheka wote. Lakini barua ile ilikuwa inamwambia kwamba herufi moja imekosekana katika anwani ya chuo, na alipokuja kujua, siku tisa zilikuwa zimepita na orodha imefungwa. Alikaa nyumbani mwaka mzima.

Daemon ni jina tu la programu inayofanya kazi nyuma bila kuonekana. Ifungue, soma hadi chini, tafuta namba. Ikianza na 5, kama 550, imekataliwa kabisa: hakikisha anwani herufi kwa herufi, utume tena. Ikianza na 4, mlango umefungwa kwa sasa, na barua itajaribiwa tena bila wewe kufanya kitu.

Chumba kinafunguliwa Jumatano baada ya masomo na Jumamosi asubuhi, umeme ukiwepo. Finalisti wanatangulia mpaka mwisho wa muhula. Kila mtu aje na anwani za vyuo zimeandikwa kwenye karatasi, kwa herufi zinazosomeka.

Kwa niaba ya makapita wote,
Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita