Starlet Kongwe na Joto la Pwani
Toyota iliacha kuunda Starlet mwaka 1999, lakini hapa Mombasa gari hili dogo lingali likiwapeleka watoto chuoni na mama zao sokoni. Adui wake mkuu ni joto. Katika foleni ya feri ya Likoni hakuna upepo wa kuipoza rejeta. Tegemeo ni feni tu, nayo ikifa, mshale wa joto hupanda upesi.

Uonapo hivyo, dada yangu, zima kiyoyozi na ufungulie hita, hata abiria wakinung'unika, maana hita huitoa injini joto lake. Mshale usiposhuka, egesha uzime. Kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka injini ipoe kabisa: maji yaliyomo yamebanwa kwa shinikizo, yatakurukia usoni, na mtoto aliyesimama kando hatasalimika.

Maji ya kisima, ambayo kwetu aghalabu yana chumvi, yaache ya kufulia. Rejeta huliwa na kutu. Tia kulanti.

Oili huangaliwa asubuhi, injini ikiwa baridi. Ikionekana kama chai ya maziwa, huenda maji yameingia ndani yake. Gari lisiondoke mpaka fundi alitazame.