Uvimbe wa Taya kwa Watoto

Leo nitaeleza habari za uvimbe mmoja wa taya uwapatao watoto, hasa wa miaka 4 mpaka 8. Ni saratani. Haionekani mara nyingi, lakini ikimpata mtoto huenda mbio ajabu: huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Kwanza magego hulegea, wala hayakuoza. Kisha shavu hufura, na pengine jicho hutokeza nje. Mara nyingi mtoto haumwi sana, huendelea kucheza; na hapo ndipo hatari ilipo. Wazazi hudhani ni jino, hung'oa, hungoja kidonda kipone. Nacho hakiponi, bali nyama huota katika tundu la jino. Jipu la jino huuma, hutoa usaha, na jino lenyewe huwa limetoboka.

Katika mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenziwe Hugh Trowell amtazame mtoto ambaye taya zake zilivimba pande zote nne, juu na chini. Baada ya majuma machache akaona mwingine huko Jinja. Mwaka 1961 yeye na wenziwe wawili walisafiri kwa motokaa maili 10,000 hivi, kutoka Uganda mpaka Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Wakatambua kuwa uvimbe huu hufuata nchi za joto na mvua, na karibu na Ikweta ni nadra juu ya futi 5,000. Yaani hufuata malaria. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr, huko London, waliona kirusi ndani ya chembe zake. Watu karibu wote wanacho kirusi hicho pasipo kudhurika. Lakini malaria ya mara kwa mara humpunguzia mtoto nguvu ya kukizuia. Baridi ya milima yetu isitudanganye: mbu wako, hasa mabondeni kuelekea Malagarasi.

Burkitt alikuwa mtu wa kisu, walakini aliona kisu hakifai hapa. Daktari hukata kipande kidogo tu, akitazame kwa darubini: chembe nyeusi zimesongamana, katikati mna madoa meupe kama nyota usiku. Hupima pia tumbo, uboho na maji ya uti wa mgongo. Kisha mtoto hutiwa dawa mshipani, kama saiklofosfamaidi na vinkristini, na nyingine mgongoni. Uvimbe huyeyuka upesi hata taka zake huweza kuziba mafigo, kwa hiyo hutiwa maji mengi. Watoto wengi watibiwao mapema hupona.

Matibabu hayo yako Bugando, Mwanza, na Muhimbili, Dar es Salaam. Safari ni ndefu, na nauli si ndogo. Basi mtoto apelekwe hospitali ya wilaya siku ile ile, apewe barua. Na uvimbe ukitoweka baada ya sindano za kwanza, mzazi asimrudishe nyumbani: mbegu zake zingali mwilini mpaka dawa zote zimalizike.