Kilometa 3.500 kwa Miguu: Rekodi Isiyo na Kiwanja



Rekodi za kiwanja wote tunazijua. Kuko mstari wa chokaa, kuko mwenye filimbi, kuko mwenye saa mkononi, na kiisha mbio mtu anasikia jina lake. Lakini kuko rekodi ya namna ingine ambayo haina kiwanja wala mwamuzi, na mashindano yake yanaweza kupita mwezi mzima. Ni rekodi ya njia ndefu za miguu. Wamoja wametuuliza: inawezekana namna gani mtu akimbie siku 40? Jibu ni kwamba mara mingi hakimbii. Tutaeleza.

Tutwae njia moja inayojulikana sana, ile ya Marekani inayoitwa Appalachian Trail. Inafuata milima upande wa mashariki wa inchi ile, toka Springer Mountain katika jimbo la Georgia, kusini, mpaka mlima Katahdin katika jimbo la Maine, kaskazini. Inapita majimbo 14. Urefu wake ni karibu kilometa 3.500, lakini unabadilika kidogo kila mwaka, sababu wanasogeza vipande vya njia hapa na pale. Mtu mmoja, Benton MacKaye, alitoa shauri la kuikata mwaka 1921, na mwaka 1937 ilikuwa imeungana yote. Si barabara. Ni kinjia cha mawe, mizizi na matope, kama vile vya kwetu vya kwenda shambani, na alama yake ni rangi nyeupe iliyopakwa juu ya miti. Kule Maine kuko mto Kennebec ambao hauna kilalo mahali njia inapofika. Watu wanavushwa na mtumbwi, na ndani ya mtumbwi ule wamepaka alama ileile nyeupe, kwa kuwa mtumbwi nao ni sehemu ya njia! Mvushaji ana saa zake za kazi. Mwenye kutafuta rekodi akifika jioni, atangojea mpaka asubuhi, na saa yake ya rekodi inaendelea kuhesabu.

Mtu wa kawaida, mwenye kubeba mzigo wake, anamaliza njia hii kwa miezi mitano mpaka saba. Mwenye rekodi ya mwaka 2024, bibi Tara Dower, alitoka Katahdin tarehe 12 Agosti akafika Springer Mountain tarehe 21 Septemba: siku 40, masaa 18 na dakika 6.

Sasa tufanye hesabu pamoja, maana siri yote iko katika hesabu. Ukigawanya kilometa 3.500 kwa siku 41, unapata karibu kilometa 85 kwa siku. Ni sawa kutoka Butembo kufika Beni, kiisha kurudi zaidi ya nusu ya njia, na kesho yake vilevile, bila siku ya kupumzika. Tena si mahali pa tambarare. Kupanda peke yake, kuteremka hatuhesabu, kwa jumla kunapita mita 140.000. Ukigawanya tena kwa siku 41, ni kama mita 3.400 kila siku. Nyiragongo, ukiupima toka usawa wa bahari, una karibu urefu huo.

Mtu mwenye mwendo wa kilometa 5 kwa saa anahitaji masaa 17 kwa kumaliza kilometa 85. Katika masaa 24 yanabaki 7. Katika yale 7 anapashwa kula, kuoga kama anapata maji, kutengeneza vidonda vya miguu, kubadilisha soksi na kulala. Ndiyo maana tunasema kama mbio yenyewe si jambo kubwa. Yule anayekimbia kilometa 15 kwa saa asubuhi, kiisha anakaa chini masaa matatu kwa sababu amechoka, anashindwa na yule anayekwenda polepole na hasimami.

Mbele ya bibi Tara Dower, rekodi ilikuwa ya Karel Sabbe, daktari wa meno, mtu wa Ubelgiji. Yeye alitumia siku 41, masaa 7 na dakika 39 katika mwaka 2018. Tofauti kati yao ni masaa 13 na dakika 33. Gawanya tofauti hiyo kwa siku 41: inatoka dakika 20 kwa siku. Dakika makumi mawili tu! Ni wakati wa kuvua viatu, kuketi juu ya jiwe, kula vizuri na kuvaa viatu tena. Tulipofanya hesabu hii mara ya kwanza tuliirudilia, maana hatukuisadiki. Mtu anaweza kupoteza rekodi ya inchi nzima kwa sababu kila siku mchana alikaa kidogo chini ya mti. Kwa hiyo wanakula wakitembea. Bibi Tara alikuwa akianza mwendo mbele ya jua kutoka, akiwa na taa kichwani, na usingizi ukimshinda alilala pembeni ya njia kwa dakika moja na nusu, kiisha akasimama. Msaidizi alikuwa anahesabu.

Wengine watadhani huyu ni mtu aliyezaliwa na miguu ya chuma. Hapana. Mwaka 2017 alianza njia ileile, na kiisha kilometa 130 hivi hofu ilimkamata sana, akaacha, akarudi nyumbani. Mwaka 2019 aliimaliza, kwa miezi mitano na siku kidogo.

Wavulana watakaosoma hapa waangalie vizuri: si mara ya kwanza mwanamke kupita wanaume wote katika njia hii. Mwaka 2011 bibi Jennifer Pharr Davis alitumia siku 46, masaa 11 na dakika 20, akashinda rekodi ya mwanaume kwa zaidi ya siku moja, na kwa miaka minne hakuna aliyemfikia. Yeye hakuwa mkimbiaji. Alitembea tu, karibu masaa 16 kwa siku. Katika siku za kwanza mifupa ya mbele ya miguu ilimuuma sana, kiisha akapata ugonjwa wa tumbo katika milima ya New Hampshire, ambako baridi ni kali hata wakati wa joto. Alimwambia bwana yake anataka kuacha. Bwana, ambaye alikuwa mwalimu wa shule, alimwomba ale kwanza, alale, aendelee kidogo, ndipo waseme habari ya kuacha. Aliendelea. Katika mita 100 nguvu za mwanaume zinaonekana mara moja. Katika siku 40 kunaingia mambo mengine: tumbo linalokubali chakula, usingizi mfupi, maumivu ya kila siku, na kujizuia usiende mbio sana siku ya kwanza. Juu ya mambo hayo hakuna anayeweza kusema mbele ni nani atashinda.

Tena tunapashwa kutenga namna za rekodi, kwa kuwa watu wanazichanganya. Namna ya kwanza ni ya mtu mwenye wasaidizi. Mahali njia inapokata barabara, gari inamngojea na chakula, viatu vikavu na kitanda. Sabbe, Pharr Davis na Dower wote walikwenda hivyo. Kati ya wasaidizi wa Dower kulikuwa mama yake mzazi. Namna ya pili ni ya mtu anayebeba mzigo wake mwenyewe. Anaweza kununua chakula dukani, ao kujitumia vifurushi posta mbele ya kuanza safari, lakini hapati wasaidizi wake wa kumngojea. Ya tatu ndiyo ngumu kupita zote: kubeba vyote toka mwanzo mpaka mwisho, bila kuongeza kitu isipokuwa maji ya mito. Katika njia ya kilometa 3.500 hii ya tatu ni karibu kusema haiwezekani. Wanaifanya katika njia fupi.

Mtu angesema mwenye gari atashinda sikuzote. Lakini mwaka 2016 Karl Meltzer, mwenye wasaidizi, alitumia siku 45, masaa 22 na dakika 38. Mwaka uliofuata kijana Joe McConaughy, na mzigo wake mgongoni, alitumia siku 45, masaa 12 na dakika 15. Hakuwa na gari ya kumngojea, lakini pia hakuwa na haja ya kulitafuta. Tulifurahi kusoma hiyo.

Sasa swali ambalo wanafunzi wa hesabu wanaliuliza kwanza: kama hakuna mwamuzi, nani anajua kama mtu hakupanda gari usiku? Swali ni la haki, na ni la zamani. Mwaka 1948 Earl Shaffer, askari aliyetoka katika vita, alitembea njia nzima peke yake kwa siku 124. Ndiye mtu wa kwanza kutoa habari ya kuimaliza kwa safari moja. Wakubwa wa chama cha njia ile walisita kumwamini mpaka alipowaonyesha daftari lake la safari na picha alizopiga. Siku hizi wanabeba chombo kidogo kinachosema na satelite, na watu wanaona katika intaneti mahali mtu alipo. Desturi ingine ni kutangaza mbele ya kuanza, kuandika kila siku, na kuacha mtu yeyote aje kutembea nao. Mtu akitoka njiani kwa kulala katika gari, anapashwa kurudi palepale alipotoka, hatua ileile. Na rekodi yenyewe wanaiita kwa jina la kujihazari: wakati mfupi kupita yote *unaojulikana*. Pengine kuko mtu aliyepita haraka zaidi akanyamaza.

Hata vile, chombo hakioni vyote. Sehemu kubwa inabaki kwa neno la mtu mwenyewe. Pengine ndiyo sababu wanasaidiana. Mwaka 2015 Scott Jurek alishinda rekodi ya bibi Pharr Davis kwa masaa matatu na dakika 13 tu, na Meltzer alikuwa kati ya waliomsaidia. Mwaka 2016, Meltzer alipokwenda kumnyanganya rekodi hiyohiyo, Jurek alikuja akamsaidia. Katika kiwanja chetu cha mpira hatujaona bado kitu cha namna ile.

Kuko pia wanaochukia mambo haya. Wanasema pori si kiwanja, na mtu anayepita mbio haoni kitu. Jurek mwenyewe, alipofika juu ya Katahdin, alifungua chupa ya mvinyo na rafiki zake. Walinzi wa hifadhi ya Baxter, ambamo mlima ule uko, walimwandikia makosa, akalipa dola 500 kwa kunywa mahali palipokatazwa. Sisi tunaona walinzi walifanya kazi yao, mlima si baa. Lakini kusema mwenye haraka haoni kitu, hapo hatukubali sana. Mtu anayetembea masaa 17 anaona jua likitoka na jua likiingia kila siku, na hajafunga mlango kati ya hayo.

Shaffer, yule wa 1948, alirudi katika njia mwaka 1998 akaimaliza tena, polepole, zikibaki siku chache tu atimize miaka 80.